Mechi zilizokimbizwa jua zikakutana na radi: kisa kimoja cha utabiri wa majira ya joto

Kisa hiki ni cha mashindano ya soka ya vijana yaliyofanyika siku moja ya majira ya joto, katika mji ambao sitautaja. Utabiri uliotumika siku hiyo niliuandika mimi, kwa hiyo msomaji ajue tangu mwanzo kwamba anayechambua makosa hapa naye ana lake. Majina, mji, mwaka na alama za kuwatambulisha wahusika nimeziondoa. Saa nimezisogeza kidogo, ila mfuatano wa matukio na urefu wa muda kati ya tukio na tukio ni ule ule. Saa zote ni za Kiswahili.

Usuli

Viwanja vilikuwa sita, vimepangwa kando ya mto, nje kidogo ya mji. Wachezaji walikuwa wa umri wa miaka 12 hadi 16. Ukiwajumlisha na wazazi, makocha, marefa na watu wa huduma, walikaribia 2,000. Jengo la kudumu lilikuwa moja tu, chumba cha kubadilishia nguo kinachobeba watu wasiozidi 60. Maegesho ya magari na mabasi yalikuwa umbali wa mita 600, na njia ya kwenda huko ilipita kwenye geti moja. Upande wa magharibi kulikuwa na safu ya miti mirefu, na nyuma yake vilima. Hali ya hewa ya nchi ile karibu yote hutoka magharibi, yaani upande ambao mtu aliyesimama uwanjani haoni chochote.

Siku nne kabla ya mashindano joto lilikuwa likipanda taratibu: nyuzi 33, 34, 34, 35. Mgandamizo mkubwa wa hewa ulikuwa umekalia eneo lote, hewa juu inashuka, mawingu hayapandi, na unyevu unazidi kujikusanya karibu na ardhi. Kwa siku ya mashindano ramani zilionyesha jambo jipya: mpaka wa hewa baridi ukisogea kutoka magharibi, wa kufika usiku. Nilitabiri nyuzi 36. Nyuzi za umande, yaani kiwango ambacho hewa ikipoa hadi hapo huanza kutoa umande, zilikuwa 23. Namba hiyo ya pili watu huipuuza, lakini ndiyo inayosema jasho litakauka au halitakauka. Nyuzi 36 zikikutana na umande wa 23, mwili uliokaa kivulini huhisi kama nyuzi 42.

Puto la vipimo lililorushwa alfajiri lilileta habari nyingine. Kwenye kimo cha kilomita moja na nusu hivi kulikuwa na tabaka la hewa yenye joto, kavu, limelala juu ya hewa nzito ya chini kama mfuniko juu ya sufuria. Hewa ya chini ikijaribu kupanda, inagonga mfuniko na kurudi. Siku za namna hii anga hubaki safi hadi mchana wote, na mtu asiyezijua hudhani mambo ni shwari. Kumbe moto unaendelea kukokwa chini ya sufuria. Nilipiga hesabu ya joto ambalo likifikiwa ardhini hewa itapata nguvu ya kuupenya mfuniko. Jibu lilikuwa nyuzi 35.

Naomba msomaji azishike namba hizo mbili: 36 na 35.

Taarifa ya asubuhi

Saa 12:15 asubuhi nilimtumia mratibu mkuu maneno haya:

"Leo joto kali sana na unyevu mwingi. Joto la juu nyuzi 36, mwilini litahisiwa kama 42. Uwezekano wa asilimia 40 wa mvua za radi kuanzia alasiri hadi jioni, baadhi zikiambatana na upepo mkali. Chukueni tahadhari ya joto."

Hakuna neno la uongo humo. Joto lilifika 36, mvua ya radi ilikuja alasiri, upepo ulikuwa mkali. Ofisini, taarifa kama hii huhesabiwa kuwa imefaulu, na kwenye daftari langu la alama ilifaulu. Nitairudia baadaye.

Mambo yalivyokwenda

Mratibu alikuwa mwalimu wa siku nyingi, mtu wa mipango. Nitamwita Mwalimu, kama tulivyokuwa tukimwita sote. Kufikia saa 1 asubuhi alikuwa ameshawaita makocha, akawasomea taarifa, akatoa maagizo. Mechi za kwanza ziliwekwa nusu saa mapema zaidi. Kila kipindi kilipunguzwa dakika tano. Mahema kumi na moja ya kivuli yalisimamishwa kando ya viwanja, mengine chini ya ile safu ya miti ambako kivuli kilikuwa maradufu. Tangi la plastiki lilikatwa nusu, likajazwa maji na barafu, likawekwa karibu na meza ya muuguzi.

Muuguzi alikuwa na kifaa cha kupima kile kipimo kiitwacho WBGT, ambacho kilianza kutumika miaka ya 1950 kwenye kambi za mafunzo za wanamaji wa Marekani baada ya vijana wengi kuzidiwa na joto mazoezini. Uzuri wake ni kwamba hakiangalii joto la kivulini peke yake. Asilimia 70 ya uzito wake hutoka kwenye kipimajoto chenye kitambaa kibichi, ambacho huonyesha jasho lina nafasi gani ya kupoza mwili. Asilimia 20 hutoka kwenye tufe jeusi linalonyonya jua, na asilimia 10 tu kwenye kipimajoto cha kawaida. FIFA inapendekeza mapumziko ya kujipoza mchezoni kipimo hicho kinapofika 32. Saa 5 asubuhi kilisoma 31. Saa 6 kasoro kilikuwa 32 na nusu.

Saa 5:40 mchezaji mmoja alianza kuyumba, akamjibu kocha maneno yasiyoeleweka, akaanguka. Muuguzi alimpima: nyuzi 40.6. Wenzake walitaka kumkimbiza kwenye gari la wagonjwa. Muuguzi alikataa, akaamuru atumbukizwe kwenye tangi la barafu palepale, kichwa kikishikiliwa nje, maji yakikorogwa. Baada ya dakika 14 joto la mwili lilikuwa limeshuka chini ya 39, na hapo ndipo gari likaondoka naye. Alirudi nyumbani siku ya pili akiwa mzima.

Tukio lile lilimtikisa Mwalimu. Saa 6:10 mchana alitangaza uamuzi mkubwa wa siku: mechi zote zilizobaki za mchana zinasimama, watu wapumzike kivulini, na michezo irudi saa 9:30 alasiri jua likianza kuinama. Alinipigia simu kunieleza. Nilimwambia, "Umefanya vizuri sana, Mwalimu." Hilo ndilo neno linalonisumbua zaidi katika kisa chote.

Kati ya saa 7 na saa 8:30 hakuna la kusimulia. Watu walilala kwenye nyasi.

Saa 8:55 rada ilionyesha kundi la mawingu ya radi limechomoza upande wa magharibi, kilomita 65 kutoka viwanjani, likija kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa. Mfuniko ulikuwa umevunjika. Nilisubiri nione kama litadumu au litakufa, kwani makundi mengi ya kwanza hufa. Halikufa. Saa 9:30, marefa wakiwa wanapuliza filimbi za kuanza, lilikuwa kilomita 40. Nikapiga simu.

"Mwalimu, samahani nakukatiza. Kuna mvua ya radi inakuja upande wako. Saa kumi na nusu hivi itakuwa hapo."

"Kijana wangu, hapa hata wingu sioni. Si ulisema jioni?"

"Nilisema alasiri hadi jioni."

"Sawa, basi tukisikia ngurumo tu, nawatoa."

Nikasema sawa.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini siku ile utusitusi wa joto ulikuwa umeifanya anga yote kuwa na rangi moja ya maziwa, na vilima vikaficha kilichobaki. Saa 9:52 wingu jipya lilichipuka mbele ya kundi la mwanzo, kilomita 15 tu kutoka viwanjani, likiwa limesukumwa juu na hewa baridi iliyokuwa ikitambaa mbele ya dhoruba. Nilituma ujumbe wa maandishi. Simu ya Mwalimu ilikuwa mfukoni na yeye alikuwa akiamua ubishi wa penalti.

Saa 10:04 mshika kibendera wa uwanja wa sita alisikia mngurumo. Alidhani ni lori. Vipaza sauti vya uwanja wa kati vilikuwa vinapiga muziki tangu mchana, kuwachangamsha watu. Saa 10:09 upepo uligeuka ghafla kutoka magharibi, ukiwa baridi, na vumbi likanyanyuka kwa pamoja kwenye viwanja vyote sita. Kipimajoto cha muuguzi kilishuka kutoka nyuzi 35 hadi 23 ndani ya robo saa. Mahema manne yaling'oka, moja likavuka uwanja mzima likibingirika kwa vyuma vyake. Saa 10:11 filimbi ya kusimamisha ilipulizwa.

Sasa watu 2,000 wanakwenda wapi? Asubuhi nzima walikuwa wamefundishwa kwamba mahali pa usalama ni chini ya hema na chini ya miti. Wakakimbilia huko huko.

Aliyewaokoa walio wengi alikuwa dereva mmoja wa basi ambaye hakuwa na jukumu lolote kwenye mpango wetu. Alikuwa ameona umeme nyuma ya vilima kutoka maegeshoni, ambako upeo ulikuwa wazi zaidi. Alifungua milango ya basi lake, akawaambia madereva wenzake wafungue yao, kisha akaja mbio hadi kwenye safu ya miti akipiga kelele watoto watoke. Watu kama 30 walitoka chini ya mti wa mwisho wakimfuata. Saa 10:21 radi ilipiga mti huo.

Watu wa mwisho walivuka geti saa 10:33, mvua ya mawe ikiwapiga migongoni.

Maamuzi na sababu zake

Ni rahisi kumcheka mtu ukishajua mwisho wa hadithi, kwa hiyo niweke hapa sababu kama zilivyoonekana wakati ule.

Kusimamisha mechi za mchana kulikuwa na sababu nzito: kijana alikuwa ametoka kuzimia, kipimo kilikuwa juu ya 32, na saa za joto kali zaidi zilikuwa bado mbele. Hakuna mtu mwenye akili ambaye angeendelea.

Kuzirudisha saa 9:30 kulitokana na ratiba. Mechi kumi na mbili zilibaki, na giza lingeingia. Mwalimu alitafuta pengo kati ya jua na usiku, akaliona, akalijaza.

Kusubiri ngurumo ndiko kugumu kutetea, ila nako kulikuwa na mantiki yake. Alikuwa amekwisha kuwasimamisha watu kwa saa tatu na dakika ishirini. Wazazi walinung'unika. Kuwasimamisha tena dakika ya kwanza ya mchezo, chini ya anga isiyo na wingu, kwa sababu ya sauti ya mtu aliye ofisini, kulihitaji imani ambayo taarifa yangu ya asubuhi haikuwa imeijenga. Nilikuwa nimempa asilimia 40. Alifanya hesabu ambayo kila mtu huifanya: 60 kwamba haitanyesha.

Nami kwa nini nilisema "sawa"? Kwa sababu ngurumo ni alama inayokubalika kwenye miongozo mingi ya usalama wa radi, na kwa sababu sikujua kwamba geti ni moja. Sikuuliza.

Matokeo

Watu watatu waliumizwa na vyuma vya mahema: mmoja alivunjika kifundo cha mkono, wawili walipasuka kichwani na kushonwa. Wanane walihudumiwa kwa kuzidiwa na joto asubuhi, yule mmoja akiwa mahututi. Hakuna aliyepigwa na radi. Mashindano yalifutwa saa 11, ngurumo zikiwa bado zinasikika. Kanuni ya kawaida inataka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho kabla ya kurudi uwanjani, na nusu saa hiyo haikupatikana hadi giza likaingia.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, maana kilifanya kazi kweli. Upande wa joto, siku ile ilikuwa ya mfano. Kipimo sahihi kilikuwepo, mtu wa kukisoma alikuwepo, na aliyesoma alikuwa na mamlaka ya kusimamisha mchezo. Uamuzi wa muuguzi wa kupoza kwanza na kusafirisha baadaye ndio uliomrudisha kijana yule nyumbani akiwa mzima. Mwili ukishapita nyuzi 40 na akili ikaanza kupotea, kila dakika inayotumika kumpakia mtu kwenye gari ni dakika ambayo viungo vya ndani vinaendelea kuungua.

Lakini ubora huo huo ndio ulioandaa mtego. Tuliisoma siku kama yenye hatari mbili zilizopangana, joto kwanza, dhoruba baadaye, kila moja na mpango wake. Kumbe ilikuwa hatari moja. Dhoruba ya aina ile ni joto lile lile la mchana likishapata njia ya kupanda. Mvuke uliozuia jasho kukauka saa 6 ndio uliogeuka matone na kuachia joto lake ndani ya wingu saa 9. Ndiyo maana mvua za radi za majira ya joto hupenda alasiri: ardhi imenyonya jua mchana kutwa, na hewa ya chini imefika kiwango chake cha juu. Kwa hiyo anayehamisha shughuli kutoka saa 6 kwenda saa 10 ili kulikwepa jua, anaipeleka moja kwa moja kwenye saa ya radi. Tulihamisha mechi kumi na mbili. Asubuhi ile, kama mtu angeuliza ni saa ngapi za siku zilizo salama kwa mchezo, jibu la kweli lingekuwa: kuanzia alfajiri hadi saa 5, basi.

Hapa ndipo namba 36 na 35 zinaporudi. Nilikuwa na karatasi mbili mezani. Moja ilisema joto litafika 36. Nyingine ilisema mfuniko utavunjika kwenye 35. Ukiziweka pamoja, zinasema mawingu ya radi yatazaliwa siku hiyo, mapema alasiri, karibu bila shaka. Kisichojulikana kilikuwa yatampiga nani. Asilimia 40 ilikuwa uwezekano wa mahali pamoja kufikiwa na mvua, kwa kuwa mvua za namna hii huanguka kwa vipande, kata moja inafurika na jirani yake inakaa na vumbi. Uwezekano wa kuwepo kwa radi mahali fulani ndani ya kilomita 50 ulikuwa mkubwa kuliko huo kwa mbali. Mwalimu alihitaji namba hiyo ya pili, maana ndiyo inayompangia mtu mwenye watu 2,000 uwanjani. Fomu ya taarifa ina kisanduku kimoja tu cha asilimia, nami nikakijaza.

Neno "jioni" nalo lina kesi ya kujibu. Kwa mtabiri, "alasiri hadi jioni" ni mstari kwenye jedwali, unaanza saa 9 na kuisha saa 1 usiku. Kwa aliyeusikia, akili hubeba neno la mwisho, na jioni yake ni pale jua linapokaribia kuzama, watu wakifunga virago. Kungekuwa na ubaya gani kuandika "kuanzia saa 9"? Mazoea tu.

Sasa alama ya kuondoka. Ngurumo husikika hadi kilomita 15 hivi kukiwa na utulivu, na radi huweza kupiga umbali huo huo kutoka mahali mvua inaponyesha. Maana yake, ukiisikia tayari uko ndani ya eneo lake. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu, kwa hiyo mtu anaweza kuhesabu kati ya mwanga na mngurumo na kujua umbali. Lakini lazima aone mwanga na asikie mngurumo, na sisi tulikuwa na utusitusi, vilima na muziki. Kama alama ya peke yake, ngurumo inamfaa mtu mmoja aliye hatua chache kutoka mlangoni kwake.

Kwa umati, hesabu lazima ianzie mwisho na kurudi nyuma. Kuwatoa watu wote kulichukua dakika 22. Ongeza dakika 10 za kupiga simu, kushauriana, kutangaza, zinakuwa 32. Dhoruba ya kilomita 45 kwa saa inakwenda robo tatu ya kilomita kila dakika, yaani kilomita 24 katika muda huo. Ongeza kilomita 15 ambazo radi inaweza kuruka mbele. Jumla ni 39. Simu yangu ya saa 9:30 ilipigwa dhoruba ikiwa kilomita 40. Ilikuwa dakika ya mwisho kabisa ya kuondoka kwa usalama, na wote wawili tuliizungumza kama habari ya awali.

Hata hesabu hiyo ni ya ukarimu, kwa sababu upepo haukungoja mvua. Ndani ya dhoruba, mvua inayoanguka kupitia hewa kavu hukauka njiani na kuipoza hewa hiyo. Hewa ikiwa baridi inakuwa nzito, inaporomoka, inagonga ardhi na kutawanyika pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Ukingo wake hutangulia mvua kwa kilomita kadhaa. Mwezi Agosti 2011, katika muda wa siku tano, dunia iliona mara mbili kinachoweza kutokea: tarehe 13 upepo wa kutangulia dhoruba uliangusha jukwaa la muziki kwenye maonyesho ya jimbo la Indiana, Marekani, wakafa watu saba, tarehe 18 dhoruba ya ghafla iliangusha majukwaa na mahema kwenye tamasha la Pukkelpop, Ubelgiji, wakafa watano. Mahema yetu yalikuwa madogo. Tofauti nyingine kubwa siioni.

Na kivuli. Hili ndilo ambalo sijaliona likiandikwa vya kutosha. Kila hatua nzuri tuliyochukua dhidi ya joto ilimsogeza mtu karibu na kitu kirefu au chenye vyuma. Mti unapopigwa, umeme huweza kuruka kutoka shinani kwenda kwa aliyesimama jirani, na huweza pia kusambaa ardhini na kupanda kwenye miguu yake. Watu hawakukimbilia miti kwa ujinga. Tuliwafundisha sisi, kwa saa nane mfululizo, kwamba pale ndipo salama, halafu hatukuwaambia kwamba usalama ule una saa ya mwisho. Basi la yule dereva lilikuwa kinga kwa sababu ya bodi lake la chuma, linalopitisha umeme nje na kuushusha ardhini. Wengi hudhani ni matairi ya mpira. Mpira ule ni kitu kidogo sana kwa radi ambayo imekwisha kuruka kilomita kadhaa za hewa.

Kuhusu dereva mwenyewe: ripoti ya kwanza ya mashindano ilimtaja kama bahati njema. Sikubaliani. Aliona kwa sababu alikuwa mahali penye upeo wazi. Kwa hiyo upande wa maegesho ndiko alikopaswa kukaa mtazamaji wetu tangu asubuhi, na hatukuwa naye.

Yaliyobadilishwa

Taarifa ninazoandika sasa kwa shughuli za nje wakati wa joto hazina tena mstari wa joto na mstari wa mvua. Ile ya siku ile ningeiandika hivi:

"Leo joto hatari kuanzia saa 5 asubuhi. Joto hilo hilo litazalisha mvua za radi kuanzia saa 9 alasiri. Karibu hakika zitakuwepo mkoani, na kuna nafasi 4 kati ya 10 kwamba zitafika viwanjani. Upepo mkali utatangulia mvua. Anga inaweza kubaki safi hadi muda mfupi kabla. Msihamishie shughuli alasiri."

Kabla ya kuituma huuliza maswali matatu: watu wangapi, wanakwenda wapi, dakika ngapi kuwafikisha. Nikishapata jibu la mwisho napiga hesabu ya kilomita na kumpa mratibu namba moja. Mwalimu naye alipunguza muziki kuwa wa asubuhi tu, akafungua geti la pili upande wa mto, akaweka mtu maegeshoni mwenye honi, na kubandika kwenye kila hema karatasi: "Honi ikilia, toka hapa, nenda kwenye basi."

Mwaka uliofuata, viwanja vile vile, joto nyuzi 34, dhoruba ilifika kilomita 35, ambayo ndiyo namba mpya tuliyokubaliana baada ya geti la pili kufunguliwa. Honi ililia saa 9:50. Watu wote walikuwa ndani ya mabasi na magari baada ya dakika 17. Dhoruba ilidhoofika, ikapita kusini umbali wa kilomita 20, na uwanjani halikuanguka tone. Saa 10:40 baba mmoja alikuja kwenye meza ya waratibu amekasirika, akitaka kujua nani amepoteza muda wa watoto. Mwalimu alimwambia mechi ya mwanawe itaanza saa 10:55, akamwomba amsaidie kurudisha mipira uwanjani.